Kitambaa Walichokifumua

Bi Hatch, mkuu wa wahudumu katika wodi za wanawake, alivaa utepe wa kupimia shingoni kama padri anavyovaa msalaba. Kila mwaka, Siku ya Maonyesho ilipokaribia, aliingia chumba cha kazi bila kubisha hodi, akapima kila kilichotengenezwa na wagonjwa. Kapu hili limelala upande. Zulia hili limepinda. Kitambaa hiki kimebana huku na kupanuka kule. Kilichopinda kilipelekwa chumba cha washonaji kikarudi kimenyooka, na kilichonyooka kiliwekwa mezani. Kisha mabibi wa mjini walikuja na kofia zao za manyoya, wakashika, wakanunua, wakasema, "Loo! Na hivi vimetengenezwa na vichaa!" Wakala keki ya matofaa, wakanywa kahawa, wakarudi makwao wameridhika na nafsi zao.

Lavinia Stroud hakuizoea desturi hiyo, wala hakutaka kuizoea. Alikuwa amefika Cedar Fork, hospitali ya wagonjwa wa akili jimboni Wisconsin, mwanzoni mwa mwaka ule wa 1917, barafu ya ziwani ikiwa bado haijapasuka. Alitokea Chicago, alikosomea kazi yake katika nyumba moja ya kuwasaidia wahamiaji. Huko alifundishwa kufuma, kusuka makapu na kuchonga, na juu ya hayo akafundishwa jambo moja ambalo huku Cedar Fork hawakutaka kulisikia: kapu si kitu, mtu ndiye kitu. Kapu likitoka limepinda lakini aliyelisuka ameinua kichwa, kazi imefanyika. Kapu likitoka limenyooka na mtu amebaki ameinama, fito zimepotea bure.

"Kwa hiyo unawafundisha kutengeneza vitu vibovu," Daktari Thurlow alimwambia siku za mwanzo. Yeye ndiye aliyekuwa mganga mkuu, mtu mrefu mwenye ndevu zilizochanwa vizuri na shati lililopigwa pasi mpaka linang'aa.

"Nawafundisha kuwa wazima, Daktari. Vitu vibovu vimejaa madukani, na waliovitengeneza hakuna aliyewafungia."

Thurlow alicheka. Hakuwa mtu wa kupiga wagonjwa wala wa kuwafunga kamba, na hilo lazima lisemwe. Kosa lake lilikuwa jingine: alipenda maneno mazuri kuliko alivyopenda watu. Mwezi Machi habari zilipofika kwamba watu wachache, daktari na wasanifu wa majengo na walimu, wamekutana katika mji mdogo wa jimbo la New York wakaunda chama cha kazi hii ya Lavinia na kuipa jina, tiba kwa kazi, Thurlow alimtania mezani mbele ya wenzake. "Sasa mna chama. Kesho mtataka bendera." Lakini wiki ile ile alianza kulitumia jina hilo katika hotuba zake, na kufikia kiangazi alikuwa akilitamka kana kwamba yeye ndiye aliyelizaa. Mwezi Novemba alikuwa aende Chicago kuhutubia madaktari wenzake juu ya tiba kwa kazi kama inavyofanyika Cedar Fork.

Lavinia alipoyasikia hayo aliyameza. Lililomkaa kooni lilikuwa lingine. Miaka mia moja na zaidi iliyopita, walikuwepo watu waliowavua wagonjwa wa akili minyororo, wakawapa jembe na kitanda cha kufumia, wakala nao meza moja, na wengi wakapona. Hilo lilijulikana. Liliandikwa. Kisha nyumba zile zikajaa watu, serikali zikabana matumizi, na jembe lililokuwa dawa ya mgonjwa likageuka kuwa chakula cha nyumba. Aliyepona akaonekana hasara, maana ni nani atalima viazi? Pale Cedar Fork, sehemu nzima ya kufulia na kupigia pasi iliendeshwa na wanawake ambao akili zao zilikuwa zimetulia zamani kuliko za waliowafungia mlango.

Mmoja wao alikuwa Bibi Nettie Crabbe, aliyepiga pasi mashati ya Daktari Thurlow. Aliletwa akiwa msichana aliyelia kupita kiasi. Sasa alikuwa hana jino la mbele na hakuna aliyekumbuka alilia nini. Alasiri aliruhusiwa kuja chumba cha kazi, akasuka makapu yake mapana yasiyo na umbo, akacheka.

"Nikupe siri, wewe Mnorwei," alimwambia mgonjwa mpya aliyekaa kando yake. "Usipige pasi vizuri. Unguza kola. Mimi nilipiga vizuri, na angalia niko wapi."

Mgonjwa mpya hakujibu. Jina lake Ragna Brekke, mke wa mkulima kutoka kaskazini ya jimbo, na alikuwa hajajibu mtu yeyote tangu alipoletwa. Mwanawe mdogo, Eilif, alikufa kwa homa ya koo wakati wa baridi. Siku ya maziko alirudi nyumbani, akaketi kitini, akaacha kusema, akaacha kula. Mumewe, Halvor, alimlisha kwa kijiko kwa muda mrefu, kisha akashindwa. Alikuwa na ng'ombe wa kukamua na binti mmoja, Signe, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kufunga viatu. Signe akapelekwa kwa shangazi yake Gunda, na Ragna akapelekwa Cedar Fork.

Lavinia hakumbembeleza aseme. Alimweka mbele ya kitanda cha kufumia, akatega nyuzi nyeupe, akampa uzi wa kijivu mkononi, akaenda zake. Siku ya kwanza Ragna alikaa tu. Siku nyingine alipitisha uzi mara moja, akaacha. Kisha mara mbili. Kitambaa kilianza kama kamba: chembamba, kimebana, kimejikunja, maana mikono yake ilivuta uzi kama mtu anayeshika hatamu za farasi aliyetoroka. Lavinia alikitazama asiguse. Bi Hatch alipita akasema, "Mungu wangu, hiki ni kitambaa au utumbo?" Lavinia akamwambia, "Kiache."

Halafu siku moja ya Juni, bila kuambiwa, Ragna aliinuka, akaenda kwenye kapu la nyuzi, akachagua uzi mwekundu. Akaupitisha mara moja tu, ukakatiza ule ukijivu wote. Lavinia alikuwa amesimama nyuma yake.

"Wa Eilif," Ragna alisema.

Lilikuwa neno lake la kwanza. Sauti ilikuwa imekwaruza kama mlango wa ghala. Bibi Nettie aliacha kusuka, akajipangusa macho kwa aproni, akasema, "Haya, kumbe anao ulimi. Sasa ataanza kutusengenya."

Kuanzia uzi ule kitambaa kilianza kupanuka. Taratibu, bila kupimwa, kingo zilijitenga, zikatulia, zikawa sawa. Mtu mwenye macho angeweza kukisoma kutoka mwanzo hadi mwisho, akaona mahali mwanamke alipozama na mahali alipoibuka. Ragna alianza kula. Alianza kumwuliza Lavinia maswali. Akamfundisha Bibi Nettie kupika chapati za viazi za kwao kwenye jiko la chumba cha kazi, wakaziunguza, wakazila hivyo hivyo. Na alianza kumtaja Signe kila siku.

Halvor aliandika mwezi Septemba kwamba Gunda na mumewe wamepata ardhi Dakota. Wataondoka kabla theluji haijafunga njia, na Gunda, asiye na mtoto, anataka kwenda na Signe. Halvor hakuwa na la kumzuia nalo. Mama wa mtoto yuko hospitali ya vichaa, nani angemsikiliza?

"Akimchukua hatamrudisha," Ragna alisema. "Namjua Gunda. Hata sahani nilizomwazima siku ya harusi yangu hajazirudisha mpaka leo."

"Jopo la madaktari linakaa mwisho wa Oktoba," Lavinia alimwambia. "Jumatatu baada ya Maonyesho. Utasimama mbele yao, utajibu, utakwenda nyumbani."

"Na wakikataa?"

"Watakaa tena majira ya machipuko."

Ragna alifanya hesabu yake kimya, na Lavinia aliiona hesabu hiyo usoni mwake. Machipuko Signe angekuwa Dakota, akimwita Gunda mama.

Wiki ya Maonyesho ilipofika, Bi Hatch aliingia na utepe wake. Akapima, akaguna, akatenga. Alipofika kwenye kitambaa cha Ragna, Lavinia alisimama katikati.

"Hiki hapana."

"Bi Stroud, Daktari mwenyewe anakitaka. Atakiweka mbele ya jopo, kisha aende nacho Chicago. Unataka madaktari wa Chicago waone huu mwanzo?"

"Huo mwanzo ndio hasa nataka wauone. Ukiuondoa, kitabaki kitambaa tu. Tafadhali, Bi Hatch. Nakuomba kama dada."

Bi Hatch alimtazama, akashusha pumzi, akakizungusha kitambaa. "Haya. Nimekusikia," alisema, akaondoka nacho ofisini kwa Daktari.

Amesikia. Hakusema amekubali. Lavinia angelijua hilo kama angekuwa na miaka mingi katika nyumba zile, lakini alikuwa na chini ya mmoja.

Jumatatu asubuhi jopo lilikaa katika ofisi ya Daktari Thurlow, penye jiko la chuma na zulia la rangi ya damu ya mzee. Thurlow alikaa katikati. Kulia kwake alikaa Daktari Lunt kutoka bodi ya jimbo, mzee mnene mwenye kikohozi, aliyekuja kwa treni ya alfajiri na alitaka kurudi kwa treni ya mchana. Karani alikaa mwisho wa meza. Bi Hatch na Lavinia walisimama ukutani, maana watu wa aina yao hawakupewa viti.

Ragna aliingia amevaa gauni lake mwenyewe, lile alilokujia. Lilikuwa limempwaya. Walimwuliza mwaka, akajibu. Walimwuliza rais ni nani na vita viko wapi, akajibu. Walimwuliza kama anasikia sauti za watu wasiokuwepo.

"Hapana, Daktari. Nasikia za waliopo, na zinatosha."

Lunt alikohoa kwa namna iliyofanana na kicheko. Lavinia alianza kupumua. Thurlow alitabasamu, akafungua mtoto wa meza, akatoa kitambaa, akakitandaza juu ya meza kama mfanyabiashara anayetandaza hariri.

"Hii ndiyo fahari yetu, Daktari Lunt. Mgonjwa huyu alikuja bubu. Leo tazama. Pindo kwa pindo, imara, sawa. Mama Brekke, hii ni kazi yako, sivyo?"

Ragna alisogea, akainama. Akapitisha kidole kwenye ukingo, kutoka mwisho kwenda mwanzo. Kidole kikasimama. Kikarudi. Kikasimama tena.

"Hapana," alisema.

"Samahani?"

"Hii nusu ni yangu. Hii hapa si yangu. Yangu ilikuwa imepinda." Alimgeukia Lavinia, kisha Thurlow. "Kulikuwa na uzi mwekundu. Uko wapi uzi mwekundu?"

Lavinia alinyoosha shingo. Toka pale aliposimama aliona. Mwanzo wote ulikuwa umefumuliwa na kufumwa upya kwa sindano, kwa mkono hodari wa mshonaji, kwa upana ule ule wa mwisho. Kutoka huku mpaka kule kitambaa kilikuwa cha kijivu na kimenyooka kama rula.

"Uzi mwekundu," Thurlow alirudia polepole, akimtazama karani. Kalamu ya karani ilianza kukwaruza karatasi. "Na nani aliubadilisha mwanzo, Mama?"

"Sijui. Mtu ameingia akaubadilisha."

"Mtu ameingia. Na ameutoa uzi wako mwekundu. Kwa nini afanye hivyo?"

"Nitajuaje kwa nini? Mwulize yeye!" Ragna alipiga meza kwa kiganja, wino ukaruka. "Ule ulikuwa wa mwanangu! Mmeutupa wapi? Ulikuwa wa Eilif!"

"Bi Hatch," Thurlow alisema kwa upole, "msaidie mgonjwa atoke. Inasikitisha. Inasikitisha sana. Nilidhani amefika." Akamwinamia Lunt. "Dhana potofu iliyojificha. Huonekana kupona, ukigusa kitu kidogo tu, inatokeza. Maadui wanaingia, wanabadilisha vitu vyake. Tutamwona tena machipuko."

Ziko hasira zinazomfanya mtu apige kelele, na ziko zinazomfanya anyamaze kwanza ili zipate nafasi ya kutosha. Lavinia alinyamaza muda wa pumzi moja. Alimtazama mwanamke yule aliyesema kweli tupu mbele ya watu wasomi, na kwa ajili ya kweli hiyo akaandikwa kichaa. Kama angedanganya, kama angesema, "Ndiyo, Daktari, ni kazi yangu," angekuwa mzima, angekuwa njiani kwa mtoto wake. Kisha akamtazama Bi Hatch, aliyekwisha kumshika Ragna kiwiko, uso wake mtulivu kama maziwa.

"Bi Hatch. Mliinyoosha?"

"Bi Stroud," Thurlow alisema, "hukuulizwa."

"Namwuliza yeye. Mliinyoosha ile kazi?"

"Naam, tuliinyoosha," Bi Hatch alisema, naye alishangaa kuulizwa. "Si ilihitaji? Washonaji wangu wawili wamekaa nayo siku mbili. Nilifikiri, maskini, anasimama mbele ya jopo, asiaibike. Na ule uzi mwekundu ulikuwa kosa, ulikatiza vibaya. Tukautoa." Alimgeukia Ragna kwa huruma ya kweli. "Nilikufanyia wema, mpenzi."

Kuni zilipasuka ndani ya jiko. Lunt alitoa leso, akajifuta mdomo, akamtazama mwenzake.

"Basi mgonjwa amesema kweli," alisema.

"Katika jambo hilo dogo, ndiyo," Thurlow alijibu haraka. "Hata hivyo, namna alivyolichukua... Alipiga kelele. Alipiga meza. Mtu aliyetulia hapigi meza kwa ajili ya uzi."

"Daktari!" Lavinia alisogea mpaka mezani. "Mmemfumulia mwanawe mkatupa kwenye takataka, mkamwuliza anakiona kizuri! Ungekuwa wewe ungefanya nini? Ungetoa shukrani? Mtu ambaye hapigi meza kwa hilo ndiye mgonjwa! Miezi mingapi tumengoja huyu mama apige kitu? Alikuja hapa hawezi kushika kijiko!"

"Bi Stroud, wewe uliletwa kufundisha makapu. Kupima akili ni kazi yetu."

"Basi pimeni! Mimi naangalia. Mwanamke anaijua kazi ya mkono wake kuliko daktari, kuliko mkuu wa wahudumu, na karani anaandika kwamba ana dhana potofu. Mwambie afute. Machipuko shangazi atakuwa amekwisha kwenda Dakota na mtoto wake."

Karani alitazama Thurlow. Thurlow hakutikisa kichwa.

"Kilichoandikwa kimeandikwa. Hukumu ni machipuko. Habari za kwao, shangazi na mtoto, ni za kwao; hospitali haiingii."

Lavinia alikishika kitambaa, akakiinua mbele ya mzee Lunt.

"Sawa. Basi na mimi niulize moja tu, nielimike. Mwezi ujao Daktari anakwenda na hiki Chicago, kuwaambia wenzake kwamba kazi imemponya mgonjwa wake. Kazi ya nani? Ya Ragna Brekke, au ya washonaji wa Bi Hatch? Kama kitambaa kinasema kweli, mwanamke ni mwongo na kichaa, mbakize. Lakini Bi Hatch amesema mbele yenu kwamba kitambaa ndicho kinachodanganya. Na kama hiki kinadanganya, vile vya Maonyesho ya Jumamosi, makapu na mazulia, vilivyonunuliwa na mabibi wote wa mjini, vinasema nini? Ninafahamiana na wanawake waliokaa kile kikao cha New York. Watapenda kujua. Nitawaandikia, na sitanyoosha kitu."

Uso wa Thurlow ulibadilika rangi, ukaanzia masikioni. "Unanitishia?"

"Nakuuliza. Kutisha ni kumwambia mama kwamba mtoto wake ni habari za kwao."

Lunt alikohoa kwa muda mrefu. Alipomaliza alikuwa na machozi machoni. Alimwita Ragna kwa kidole, na Ragna akajitoa mkononi mwa Bi Hatch, akaja.

"Mama, ukifika nyumbani utafanya nini?"

"Nitamchukua binti yangu kwa Gunda."

"Halafu?"

"Halafu nitapika. Ng'ombe watakuwa wamekonda, Halvor hajui kuwalisha. Halafu nitalia, Daktari. Sijalia bado vizuri. Hapa mtu akilia mnamwandika."

Lunt aliangalia saa yake ya mfukoni, akaangalia dirishani, akasema, kana kwamba anaagiza chai, "Mimi nisingepiga meza tu, ningerusha kiti. Aende kwa majaribio, chini ya uangalizi wa mumewe. Karani, andika hivyo. Thurlow, una pingamizi? Treni yangu haingoji."

Thurlow hakuwa na pingamizi. Mtu kama yeye alijua kuhesabu, na Chicago ilikuwa karibu. Lakini Lunt alipokwisha kutoka, na Ragna naye, alimbakisha Lavinia mlangoni.

"Mkataba wako unakwisha Krismasi."

"Ukiisha utaisha. Leo bado ni Oktoba."

"Unadhani umeshinda."

"Nimeshinda nini, Daktari? Kumpatia mtu mzima kibali cha kuwa mzima? Hiyo nayo ni ya kujivunia?"

Nje, ukumbini, Bi Hatch alikuwa amesimama na utepe wake shingoni, macho mekundu. "Nilikuwa namsaidia," alisema. "Miaka yote tumenyoosha. Hakuna aliyewahi kulalamika."

"Nani angelalamika, Bi Hatch? Na mbele ya nani? Si mmeona leo aliyelalamika alivyofanywa?"

"Usinipandishie sauti. Mimi si mtu mbaya."

"Najua. Ndiyo maana nimekasirika zaidi. Mtu mbaya ningejua cha kumfanya." Alitaka kupita, akarudi. "Mashati ya Daktari. Bibi Nettie akiacha kuyapiga pasi, je, nani atayapiga?"

Bi Hatch hakuelewa swali limetoka wapi. "Hakuna anayeweza kama yeye," alisema.

"Ndivyo nilivyodhani. Machipuko atasimama mbele ya jopo. Kama sitakuwepo, utasimama naye wewe. Na usimnyooshe."

Bi Hatch aliushika utepe kwa mikono miwili kama anayeshika reli ya ngazi.

Halvor Brekke alifika siku chache baadaye, baada ya kupelekewa simu, na gari la farasi wawili lililopakwa matope mpaka kwenye viti. Alikuwa mtu mkubwa, mnyonge wa maneno, ameshika kofia mkononi. Alimwona mkewe akishuka ngazi, akasahau alichotaka kusema, akasema, "Umekonda."

"Na wewe umenenepa. Nani alikuwa anakupikia?"

"Jirani."

"Jirani yupi?"

"Mama Lindqvist. Ana miaka sabini, Ragna."

"Nimeuliza tu."

Bibi Nettie, aliyetoroka chumba cha kupigia pasi ili aone, alicheka mpaka akajishika mbavu. Alimkumbatia Ragna, akamnong'oneza kitu kilichowafanya wote wawili wageuke kuutazama mlango wa ofisi. Lavinia alisimama kando. Aliona hasira bado iko katika mgongo wa Ragna, imenyooka kama fito, na hakutamani kuilainisha. Ragna alimshika mkono kwa nguvu, akauachia. Hakumwambia asante, wala Lavinia hakuingojea. Angeishukuru vipi nyumba iliyomrudishia kilicho chake baada ya kukitupa?

Daktari Thurlow alitokea juu ya ngazi. Walikuwepo wageni wawili wa kamati ya Maonyesho waliokuja kuchukua meza zao, na mbele ya wageni hakuweza kujizuia. Alishuka ngazi mbili, akamwekea Ragna mkono begani, akapaza sauti yake ya hotubani.

"Nenda salama, Mama Brekke. Mshukuru Mungu, na uishukuru hospitali hii."

"Kwa lipi?" Ragna alisema.

Thurlow alidhani hakumsikia. Akatabasamu, akarudia, polepole, kama mtu anavyosema na mgeni asiyejua lugha.

"Nimekusikia, Daktari," Ragna alisema. "Nauliza. Kwa lipi?"

Alilingoja jibu. Alilingoja kwa adabu, uso umeinuliwa, mbele ya wageni na farasi na mumewe aliyekuwa anakunjakunja kofia. Mkono wa Thurlow ukabaki begani mwake ukiwa hauna kazi, kisha ukashuka. Lavinia aliutazama mdomo wake, namna ulivyofunguka na kufungika, mdomo uliojua maneno yote mazuri ya Wisconsin.

Ragna akapanda garini, akachukua hatamu mwenyewe kutoka mkononi mwa mumewe.

"Kaa vizuri, Halvor," alisema. "Gunda hatungoji."